Njia ya Ujiji na Ufuko wa Mwamgongo

Neno barabara katika Kiswahili lina kazi mbili. Ni jina la njia pana iliyotengenezwa kwa mikono ya watu, na tena hutumika kueleza jambo lililotimia sawasawa, kama mtu asemapo kwamba mlango umefungwa barabara. Neno njia lina maana pana zaidi, kwani hubeba alama ya miguu katika majani, mkondo wa biashara ya nchi nyingi, na hata namna ya kutenda jambo. Historia ya nchi ya Kigoma na Ujiji yafaa kupimwa kwa mizani ya maneno hayo. Ni sehemu chache za Afrika Mashariki zilizofikiwa na njia mashuhuri kama ile iliyoishia hapo, na ni chache ambazo, karibu kabisa na mwisho wa njia kubwa namna hiyo, zimekuwa na vijiji vilivyokaa muda mrefu bila barabara.

Mwamgongo ni kijiji kimoja cha namna hiyo. Kiko katika ufuko wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, kaskazini ya mji wa Kigoma, nacho hupakana kwa upande wa kusini na Hifadhi ya Taifa ya Gombe. Mbele yake kuna ziwa lenye kina cha mita 1,470, ambalo kwa kina hushindwa na ziwa moja tu duniani, yaani Baikal la Urusi. Nyuma yake umesimama ukuta wa milima unaopanda kutoka usawa wa ziwa, kiasi cha mita 770 juu ya bahari, hata kupita mita 1,500. Nyumba zimeshikamana katika ukanda mwembamba kati ya maji na mteremko. Mihogo na michikichi imepandwa juu yake, na dagaa huanikwa chini. Kwa miaka mingi mtu aliyetaka kutoka Mwamgongo kwenda Kigoma alikuwa na mambo mawili ya kuchagua. Aliweza kupanda chombo pamoja na magunia ya dagaa na madumu ya mawese. Au aliweza kwenda kwa miguu, akifuata mchanga na mawe ya ufuko, avuke vijito vya Gombe, afike Mtanga, kisha Kalalangabo, na mwisho Kibirizi kwenye ukingo wa mji.

Ujia huo wa ufukoni haukuchorwa na mhandisi yeyote, wala haukupata kuwa na mlinzi wa lango. Hata hivyo umetumika kwa kazi nyingi kuliko barabara nyingi za mjini. Mvuvi huvuta wavu wake juu yake. Mwanamke hupita na mzigo kichwani. Mwanafunzi huenda shuleni. Mgonjwa huchukuliwa na jamaa zake. Askari wa hifadhi na mtafiti wa sokwe hupita hapo. Na nyani hushuka kutoka msituni kutafuta masalio ya dagaa. Swali linalozaliwa na hali hiyo ni hili: ni kitu gani kinachoifanya njia moja iwe ya watu wengi na ya kazi nyingi? Wengi hudhani kwamba ni upana wake na ugumu wa uso wake. Historia ya njia ya Ujiji inatoa jibu jingine.

Njia hiyo ilianza Bagamoyo, ikapanda Usagara, ikagusa Mpwapwa, ikavuka Ugogo mkavu na kufika Unyanyembe, ambako mji wa Tabora ulikua. Kutoka hapo ilielekea magharibi, ikapita katika nchi ya chumvi ya Uvinza, ikavuka mto Malagarasi na kushuka Ujiji. Urefu wake ulikaribia kilomita 1,200. Ni kosa kudhani kwamba ilivumbuliwa na wageni. Uchimbuzi uliofanywa Uvinza katika miaka ya 1960 ulionyesha kwamba chumvi ilipikwa kwenye chemchemi zake tangu karne ya tano au ya sita, na chumvi ni bidhaa isiyokaa mahali pamoja. Palipo na chumvi pana miguu. Wanyamwezi walikuwa wamekwisha shuka pwani na pembe zao tangu mwanzo wa karne ya kumi na tisa, na kufikia miaka ya 1840 wafanya biashara wa pwani, Waarabu na Waswahili, walikuwa wamefika Ujiji kwa kufuata nyayo hizo hizo. Wageni waliikuta njia, hawakuileta.

Jambo la pili la kukumbuka ni wembamba wake. Njia iliyosikika Unguja, Bombay na London haikuwa na upana wa kupitisha watu wawili bega kwa bega. Msafara wa mamia ya watu ulikwenda kama siafu, mmoja nyuma ya mwenziwe, kirangozi akitangulia na bendera. Mpagazi alichukua mzigo wa kiasi cha frasila mbili, karibu na kilo 32, pamoja na mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Alikuwa mtu huru aliyekubaliana ujira wake kabla ya kuondoka, aliyejua haki yake ya posho, na aliyeweza kutua mzigo na kukaa chini mapatano yalipovunjwa. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu alichokitoa mwaka 2006, ameeleza kwa urefu jinsi wapagazi hao walivyokuwa wafanyakazi wenye ada, heshima na umoja wao. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857 na kuliona ziwa tarehe 13 Februari 1858. Speke alikuwa karibu haoni kwa ugonjwa wa macho, na Burton hakuweza kutembea. Vitabu vilisema kwamba wao ndio waliolifikia ziwa. Lakini waliofika kwa miguu yao ni wapagazi.

Walijaribu wengine kuigeuza njia hiyo iwe ya magurudumu. Mwaka 1876 Roger Price wa jumuiya ya wamisionari ya London alijaribu maksai kati ya pwani na Mpwapwa, akarudi na matumaini. Msafara wa magari ya ng'ombe uliofuata ulishindwa, kwa sababu mbung'o waliwaua wanyama. Mwaka 1877 barabara iliyolipiwa na tajiri William Mackinnon ilianza kukatwa kutoka Dar es Salaam kuelekea bara, nayo ikaachwa baada ya miaka michache ikiwa imekwenda mwendo wa siku chache tu. Mwaka 1885 Annie Hore, mke wa mmisionari, alifika Ujiji baada ya kusafiri katika kiti cha wagonjwa, akichukuliwa na wapagazi kwa zamu, na mwaka uliofuata akatoa kitabu juu ya safari hiyo. Kiti kilikuwa cha Ulaya, lakini mwendo ulikuwa wa Unyamwezi. Katika miaka hiyo yote chombo kimoja tu kilifaa njia ya Ujiji, nacho ni mguu wa binadamu.

Basi njia nyembamba namna hiyo, isiyo na mwenyewe mmoja, isiyo na jiwe lililowekwa wala daraja la kudumu, ilidumuje? Ilidumu kwa mapatano. Mpita njia alihitaji maji, chakula, kuni, mahali pa kulala na mtu wa kumvusha mtoni. Vyote hivyo vilikuwa mali ya wenyeji. Kisima katika Ugogo kilichimbwa na Wagogo kwa jasho lao, na watu mia tano wakikinywa kwa usiku mmoja, asubuhi ng'ombe wa mwenye kisima hawana kitu. Mitumbwi ya Malagarasi ilikuwa chini ya mamlaka ya watawala wa Uvinza. Ndiyo sababu msafara ulitoa hongo: nguo, shanga au waya, kwa kadiri iliyobishaniwa siku nzima na wakati mwingine siku tatu. Aliyekwisha kulipa alikuwa mgeni wa mtemi, na aliyemdhuru alijibu kwa mtemi.

Hapa lugha yenyewe ni shahidi. Leo neno hongo lina maana ya rushwa, kitu kinachotolewa gizani ili haki ipindwe. Katika karne ya kumi na tisa hongo ilitolewa mchana, mbele ya wazee, na bila hiyo haki ya kupita haikuwapo. Haiwezekani kumtaja mtu mmoja aliyeligeuza neno hilo, lakini yaweza kuonyeshwa ni kwa macho ya nani ada ile ilianza kuonekana kuwa wizi. Mfano ulio wazi ulitokea katika Buha yenyewe. Mwaka 1871 Henry Stanley, akienda kumtafuta Livingstone, aliingia nchi ya Waha akatakiwa hongo. Akatoa nguo nyingi, kisha akaambiwa kwamba mbele kuna wakubwa wengine wa kulipwa. Alikasirika, akamwajiri kiongozi mwenyeji kwa nguo, akauondoa msafara wake usiku na kuupitisha porini, watu wameamriwa wanyamaze, hata akavuka Buha bila kulipa tena. Tarehe 10 Novemba 1871, kwa hesabu yake mwenyewe, aliingia Ujiji kwa bendera na milio ya bunduki. Dunia imezikumbuka bunduki za Ujiji. Usiku wa kunyatia katika Buha haukumbukwi sana, ingawa una maana zaidi kwa historia ya njia, kwa kuwa usiku ule mpita njia aliamua kwamba nchi ni yake kupita na mwenyeji hana neno.

Ni haki kuutazama upande wa pili pia. Hongo haikuwa na kipimo kilichoandikwa, na watawala wengine waliipandisha kila walipoona msafara mnene. Ugomvi juu ya nani atawale njia, na nani alipe nini, ulileta vita. Mwaka huo huo wa 1871 Mirambo wa Urambo alipigana na Waarabu wa Tabora, njia ya kwenda Ujiji ikafungwa, na ndiyo maana Stanley alilazimika kuzunguka upande wa kusini kabla ya kuingia Uvinza na Buha. Mirambo hakutaka njia ife. Alitaka ipite mkononi mwake. Alijua jambo ambalo wenye lami hulisahau, kwamba atakaye kuimiliki nchi huanza kwa kuimiliki njia.

Lakini ubaya uliozidi wote ulikuwa mwingine. Katika alama zile zile za miguu alizozikanyaga mpagazi mwenye ujira, alipita pia mtumwa mwenye mnyororo shingoni. Ujiji ilikuwa soko la pembe na la watu. Walioletwa kutoka ng'ambo ya ziwa walivushwa kwa mitumbwi, wakauzwa, na baadhi yao wakaanza mwendo wa miezi kuelekea pwani. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba njia fulani ilikuwa ya watu wote na ya kazi zote. Njia inaweza kupitiwa na wote na isiwe ya wote. Mpagazi na mtumwa waliweza kunywa katika kisima kimoja na kulala chini ya mwembe mmoja; tofauti yao ilikuwa kwamba mmoja alipatana kabla ya kuondoka, na mwenziwe hakuulizwa. Biashara hiyo iliyatafuna mapatano yaliyoilisha njia, kwa maana palipo na hofu ya kukamatwa mwenyeji hawezi kumwona mgeni kuwa baraka. Methali isemayo mgeni njoo, mwenyeji apone, haiwezi kusemwa kwa mgeni aliyekuja na minyororo.

Mwaka 2006 serikali ya Tanzania iliiandikisha njia hiyo katika orodha ya mapendekezo ya urithi wa dunia ya UNESCO, ikitaja vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Iliitwa njia ya biashara ya watumwa na pembe, na jina hilo lina haki yake. Walakini msomaji akumbuke kwamba kabla ya hapo ilikuwa njia ya chumvi, na baada ya hapo ilikuwa njia ya Susi na Chuma, ambao baada ya Livingstone kufa mwaka 1873 walimchukua maiti kutoka Chitambo, wakapita Tabora na kumfikisha Bagamoyo mwezi wa Februari 1874. Njia moja ilibeba aibu na uaminifu kwa pamoja.

Utawala wa Wadachi ulibadili mambo kwa namna mbili. Kwanza, mamlaka ya watemi ya kutoza hongo yaliondolewa. Serikali ilipoanza kukusanya kodi ya nyumba mwaka 1898, hesabu ilipinduka: mwenyeji aliyekuwa akilipwa na mpita njia sasa alimlipa mtawala, na tena akaitwa kulima na kufagia njia bila ujira. Pili, ilikuja reli. Kazi ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma mwezi wa Februari 1914, kilomita zipatazo 1,250 kwa jumla. Mwendo wa miezi ukawa mwendo wa siku. Reli haikuishia Ujiji. Ujiji iko katika ufuko ulio wazi kwa upepo, na Kigoma ina ghuba yenye kina; kwa hiyo mji mpya ulizaliwa kilomita chache tu kutoka mji wa kale, na mji wa kale ukabaki na miembe yake, misikiti yake na kumbukumbu zake. Meli iliyoletwa vipande vipande kwa reli hiyo, ikaundwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen, ilizamishwa na Wadachi wenyewe mwaka 1916, ikainuliwa mwaka 1924, na tangu 1927 ikaitwa Liemba.

Wapagazi hawakulipwa fidia na reli, wala hakuna aliyefikiri kwamba walistahili. Ujia wao ulimezwa na majani mahali pengi. Buha, iliyowahi kutoza wapitao, ikawa nchi ya kutoa watu: katika wakati wa Waingereza vijana wa Kiha walikwenda kwa maelfu kufanya kazi ya manamba katika mashamba ya mkonge, wengi kwa reli ile ile, mbali na makwao.

Katika nchi nyingine jambo kama hilo lilikwenda kinyume. Karibu na mji wa Washington katika Marekani palikuwa na reli iliyoitwa Washington and Old Dominion, ambayo ilifungwa mwaka 1968. Badala ya kuacha ardhi yake ikatwe vipande, mamlaka ya bustani za kaskazini ya Virginia iliitandika lami kidogo kidogo. Kipande cha kwanza kilifunguliwa mwaka 1974, na mwaka 1988 kikafika Purcellville, jumla ya kilomita 72. Leo ni njia ya waendao kwa miguu, wakimbiaji na waendesha baiskeli, na kando yake, kwa sehemu kubwa, kuna ujia wa changarawe kwa ajili ya farasi. Kule reli ilikufa ikawa njia ya miguu. Hapa njia ya miguu ilikufa ikawa reli. Wako watakaosema kwamba hiyo ni tofauti ya nchi tajiri na nchi maskini, kwamba mmoja hutembea kwa raha na mwingine kwa dhiki. Maneno hayo yana ukweli. Lakini ndani ya mfano huo mna fundisho ambalo si la utajiri. Lami ya Virginia isingeweza kuchukua watoto, wazee na baiskeli za kasi kama pasingekuwa na kanuni: mwenye baiskeli humpisha mwenda kwa miguu, na wote humpisha farasi. Kanuni hiyo ni ndugu wa mapatano ya kale. Penye watumiaji wengi, lazima ijulikane ni nani anayempisha nani.

Katika nchi ya Kigoma barabara mpya zilikuja polepole. Mwaka 1972, katika Operesheni Kigoma, serikali ya Tanzania huru ilihamisha watu wengi kutoka makazi yaliyotawanyika na kuwaweka katika vijiji, na vijiji vingi viliwekwa kando ya barabara ili shule, maji na dawa viwafikie. Makusudi yalikuwa mema, na huduma nyingi zilipatikana. Hata hivyo njia, ambayo hapo kale ilifuata watu mahali walipo, sasa iliwaita watu waifuate. Baadaye, katika muongo wa 2010, daraja la Kikwete lilijengwa juu ya Malagarasi, na lami ikaanza kuunganisha nchi ile ile waliyoivuka wapagazi. Hakuna tena wa kumwomba mtumbwi; gari hupita juu ya mto bila dereva kujua kwamba hapo paliwahi kuwa mahali pa mabishano ya siku nzima. Jambo hilo ni faida kubwa, na asiyeiona faida yake hajapata kusafiri na mgonjwa wakati wa masika. Lakini kando ya lami hiyo watu bado wanakwenda kwa miguu: wanawake wenye kuni, watoto wa shule, vijana wanaosukuma baiskeli zenye magunia ya mkaa. Palipokosekana njia yao ya kando, barabara iliyotandikwa kwa fedha zao huwataka wao ndio wapishe kila kitu.

Sasa turudishwe na hoja kwenye ufuko wa kaskazini. Njia kubwa iliishia Ujiji, na mbele yake barabara ilikuwa maji. Burton na Speke walikwenda kaskazini kwa mitumbwi mwaka 1858, na Livingstone na Stanley vile vile mwezi wa Novemba 1871, walipotaka kujua kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia, wakakuta unaingia. Wote walipita mbele ya milima hii. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Urundi ilipowekwa chini ya Wabelgiji na Tanganyika chini ya Waingereza, ufuko ulikatwa na mpaka wa dola mbili. Mwaka 1943 misitu ya Gombe ilitengwa kwa ajili ya wanyama. Tarehe 14 Julai 1960 Jane Goodall alifika kuchunguza sokwe. Na mwaka 1968 Gombe ikawa hifadhi ya taifa. Vijiji vilivyo kaskazini yake, Mwamgongo ukiwa wa kwanza, vikawa kati ya msitu usioruhusiwa kulimwa, milima isiyopitika kwa gari, ziwa lenye upepo mkali wa kusini, na mpaka. Ufuko ndio uliobaki kuwa njia ya nchi kavu, na watu wakaendelea kuupita. Wengi wa wasaidizi waliowafuata sokwe siku baada ya siku, na kuujenga utafiti ulioipatia Gombe sifa duniani, walikuwa wenyeji wa vijiji vya jirani. Elimu ya sokwe imejengwa juu ya miguu ya wenyeji kama biashara ya pembe ilivyojengwa juu ya miguu ya wapagazi. Tofauti ni kwamba safari hii majina ya baadhi yao yameandikwa.

Asije mtu akafanya ushairi wa ukosefu wa barabara. Mwezi wa Mei mwaka 2015 ulipoanza, Warundi waliokimbia machafuko ya kwao walikuwa wakimiminika Kagunga, kijiji cha ufuko huo huo karibu na mpaka. Makumi ya maelfu yao walijazana katika ufuko mwembamba, milima nyuma na maji mbele. Kutoka hapo palikuwa na njia mbili tu, ziwa au kupanda milima kwa miguu. Kipindupindu kikaingia, maelfu wakaugua, na watu wapatao 30 wakafa katika mwezi huo. Liemba, meli iliyokuwa na umri wa miaka mia moja, ilitumwa kuwachukua, mamia kwa kila safari, kuwapeleka Kigoma. Wagonjwa, wazee na wajawazito waliosubiri zamu yao juu ya mchanga wa Kagunga hawakuhitaji kuelezwa uzuri wa ujia wa kale. Barabara ni dawa, na kuikosa ni ugonjwa.

Basi pande zote mbili zimesikika. Ujia wa miguu una undugu, na una dhiki. Lami ina wepesi, na ina ukali. Historia ya njia ya Ujiji haisemi kwamba moja ichaguliwe na nyingine itupwe. Inasema kwamba njia iliishi kwa muda wote mpita njia alipotambua kwamba anapita katika nchi ya mtu, na mwenyeji alipotambua kwamba mpita njia ni mtu. Mtumwa alipopitishwa bila kuulizwa, mapatano yalioza kwa upande wa mpita njia. Mgeni alipopita usiku ili asilipe, na mtawala alipomfagilisha mwenyeji njia bila ujira, yalioza kwa upande wa mwenyeji. Uso wa njia, uwe udongo, chuma au lami, haukuzuia uozo huo wala hauwezi kuuzuia.

Kwa hiyo kila barabara inayokatwa katika milima ya ufuko ule yafaa kuulizwa maswali ambayo mtemi wa kale angeuliza kabla ya kupokea doti moja ya nguo. Je, shamba litakalopitiwa limelipiwa, na mwenye shamba amesikilizwa mchana, mbele ya wazee? Je, aendaye kwa miguu amewekewa mahali pake, au atasukumwa mtaroni? Je, maji ya kijiji yatabaki safi baada ya msafara mpya kupita? Na je, ufuko utabaki wazi kwa mvuvi, mwanafunzi na mgonjwa, ambao hawana nauli? Barabara itakayojibu vizuri maswali hayo itakuwa barabara kwa maana zote mbili za neno. Isiyoyajibu itakuwa pana tu.